Nyumba Yangu Unaijua: Historia ya Mazungumzo ya Mtandaoni na Agizo la Mathayo 18

Katika Mathayo 18:15-17 Bwana wetu Yesu Kristo anatoa utaratibu wa kushughulikia kosa kati ya ndugu. Hatua ya kwanza ni ya watu wawili tu, bila shahidi. Ya pili inaongeza shahidi mmoja au wawili. Kanisa zima linaingia mwishoni, baada ya hatua mbili za kwanza kushindwa. Tumezoea kuihubiri sehemu hii kama fundisho la msamaha, na ndivyo ilivyo. Lakini mwenye kuisoma kwa makini ataona kwamba Bwana anapanga pia mazungumzo yenyewe: nani aanze kusikia, nani asubiri, na mambo yapanuke kwa kiasi gani.

Mimi niliifundisha sehemu hiyo darasani kwa miaka kadhaa kabla ya kuivunja hadharani. Hufundisha katika chuo cha theolojia siku za juma, na Jumapili nasaidia huduma katika usharika. Miaka michache iliyopita usharika huo ulikuwa unachangia kuezeka paa. Siku moja mshiriki mmoja aliweka picha ya risiti ya mabati katika kundi letu la WhatsApp, akauliza kwa nini kiasi kilichoandikwa kilizidi kile kilichosomwa kanisani. Swali lilikuwa halali. Lakini baada ya saa mbili kundi lilikuwa limejaa maneno, na jina la mzee mtunza hazina lilikuwa likitajwa pamoja na neno wizi. Jioni picha ile ilikuwa imefika katika makundi mengine, hata kwa watoto wa usharika wanaoishi nje ya nchi.

Nilikuwa mmoja wa maadmini. Niliandika kwamba mzee ajibu hapo hapo ili kila mtu asikie. Nilidhani nimetenda haki. Sikukumbuka kwamba mzee yule anatumia simu ya kitochi. Nilimwita ajitetee mahali asipoweza kuingia, na habari za kuitwa kwake alizipata kwa mjukuu wake. Kumbukumbu za baraza la wazee zilionyesha kwamba risiti ilihusu mizigo miwili, na mmoja ulikuwa umelipwa kwa fedha za mwaka uliotangulia. Maelezo hayo tuliyaweka katika kundi siku ya tatu. Waliokwisha kusambaza picha hawakuyasambaza maelezo. Nilipokwenda kumwomba radhi, mzee alinikaribisha, akanipa chai, kisha akasema, "Mchungaji, nyumba yangu unaijua."

Tangu siku ile swali moja limenisumbua. Watu wale wale wanaokaa kwa upole katika semina na kuombeana katika jumuiya, kwa nini walisema vile? Jibu la haraka ni dhambi ya moyo, nami kama Mlutheri siwezi kulikana. Lakini mioyo ile ile ilikuwapo kwenye semina. Kilichobadilika ni mahali pa kuzungumzia na jinsi palivyopangwa. Ndiyo maana nikaanza kuchunguza historia ya jinsi watu walivyopanga mazungumzo yao, tangu kwa baba zetu wa Matengenezo hadi katika mitandao ya leo.

Tuanze nyumbani. Tarehe 31 Oktoba 1517 Martin Luther alimwandikia Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz barua, akaambatanisha hoja 95 kuhusu vyeti vya rehema. Ziliandikwa kwa Kilatini, nazo zilikusudiwa kwa mjadala wa wasomi, ambamo mtu huweka hoja ili zipimwe na wenzake. Mjadala ule haukufanyika. Wapiga chapa walizichukua hoja, na kabla mwaka haujaisha zilikuwa zimechapwa Leipzig, Nürnberg na Basel. Machi 1518 Luther alimwandikia Christoph Scheurl, mwanasheria wa Nürnberg, kwamba hakukusudia zienee hivyo, na kwamba angalijua angaliyasema mengine kwa namna nyingine na kwa uhakika zaidi. Neno lililoandaliwa kwa meza moja lilikuwa limefika kwenye masoko mengi kwa wakati mmoja.

Hatuwezi kusikitika kwamba Injili ilienea. Luther mwenyewe alijifunza upesi, na mwaka 1518 akaandika kwa Kijerumani mahubiri mafupi juu ya rehema na neema, yaliyochapwa tena na tena, kwa ajili ya watu wa kawaida. Lakini mashine ile ile iliyobeba mahubiri ilibeba pia matusi ya pande zote, na maandishi ya Luther mwenyewe ya mwaka 1543 dhidi ya Wayahudi, ambayo Walutheri wa kizazi chetu wameyakataa wazi kwa aibu. Njia ya kusambaza neno haichagui neno.

Miaka 12 baada ya hoja zile, mtawala Philip wa Hesse alitaka kuwapatanisha Luther na Zwingli wa Zürich juu ya Meza ya Bwana. Walikuwa wameshambuliana kwa vitabu kwa miaka kadhaa. Aliwaita Marburg, Oktoba 1529. Jambo ambalo wengi hawalijui ni namna siku ya kwanza ilivyopangwa. Luther na Zwingli, wote wawili wakali, hawakuwekwa pamoja. Luther alikutanishwa faraghani na Oecolampadius, mtu mpole, na Zwingli akakutanishwa na Melanchthon, mpole wa upande wetu. Siku iliyofuata ndipo mjadala wa wote ulipoanza. Mwishoni walikubaliana hoja 14 kati ya 15. Ile ya 15, kuhusu mwili na damu ya Kristo, waliafikiana sehemu tu, na jeraha lake lilidumu. Hata hivyo, watu waliokuwa wakiitana maadui kwa maandishi walitia sahihi karatasi moja. Mpangilio haukuzaa imani, lakini uliwapa nafasi ya kusikilizana.

Sasa turuke karne nne na nusu, kwa maana swali la Marburg lilirudi pale kompyuta zilipoanza kuzungumza. Mwaka 1979 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis, walibuni njia ya kuunganisha kompyuta za vyuo kwa simu ili watu waandikiane na kujibizana kwa mada. Mtandao huo uliitwa Usenet, nao ulianza kazi mwaka 1980. Mtu wa chuo kimoja aliuliza, na mwenye ujuzi wa chuo kingine akajibu bila malipo. Ilikuwa karama ya kweli ya kushirikishana maarifa.

Kila Septemba wanafunzi wapya waliingia vyuoni, wakaingia pia Usenet wakiwa hawajui taratibu. Wenyeji waliwaelekeza, na baada ya majuma kadhaa utulivu ulirudi. Kisha katika miaka ya 1993 na 1994 makampuni ya intaneti, AOL ikiwa mojawapo, yaliwafungulia wateja wake mlango. Wageni wakaja kila siku, wengi kuliko wenyeji walivyoweza kuwafundisha. Wakongwe waliuita wakati huo Septemba isiyokwisha. Wengi waliwalaumu wageni. Mimi naona kosa pia kwa upande wa nyumba, kwa sababu milango ilipanuliwa lakini hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kupokea. Kanisa linaijua hali hiyo. Ndiyo maana tuna mafundisho ya ubatizo na ya kipaimara, na mzee wa mtaa humtembelea aliyehamia. Usharika unaobatiza wengi bila kufundisha hugundua baada ya muda kwamba hauna lugha moja.

Jaribio lingine lilitoka kwa mtaalamu wa kompyuta Ward Cunningham, ambaye mwaka 1995 alitengeneza tovuti ambayo msomaji yeyote aliweza kuisahihisha. Aliiita kwa neno la lugha ya Hawaii lenye maana ya haraka: wiki. Miaka mitano baadaye Jimmy Wales na Larry Sanger walianzisha kamusi elezo iliyoitwa Nupedia. Kila makala ilipitia hatua saba za ukaguzi wa wataalamu, na hadi ilipofungwa mwaka 2003 makala zilizokamilika hazikufika 30. Basi tarehe 15 Januari 2001 wakafungua Wikipedia kwa mtindo wa Cunningham. Kabla mwaka ule haujaisha, makala za Kiingereza zilikuwa takribani 20,000. Ile ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na wengi wetu tunaisoma bila kujua kwamba huandikwa na watu wa kujitolea.

Watu wengi walitabiri kwamba mahali ambapo kila mtu anaweza kufuta kazi ya mwenzake pasingedumu. Paliweza kudumu kwa sababu ya mambo machache yaliyopangwa vizuri. Kila ukurasa una historia yake, ambamo kila badiliko limehifadhiwa pamoja na jina au namba ya aliyelifanya, kwa hiyo uharibifu hurudishwa kwa kubonyeza mara moja. Kando ya makala upo ukurasa wa majadiliano, ili wanaobishana wabishane pale na msomaji asiletewe ugomvi mezani. Tena kuna kanuni inayomtaka kila mwandishi aanze kwa kudhani kwamba mwenzake ana nia njema.

Kanuni hiyo ya mwisho iliponifikia niliisikia kama sauti ya nyumbani. Katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, Luther anapoeleza amri ya nane, haishii kukataza uongo. Anatuagiza kumtetea jirani, kumnenea mema na kuyatafsiri mambo yake yote kwa upande ulio mwema. Katika Katekisimu Kubwa, chini ya amri hiyo hiyo, anaishika Mathayo 18 na kuwaonya wanaoupeleka uvumi kila mahali isipokuwa kwa mhusika mwenyewe.

Hata hivyo nia njema peke yake haikutosha. Mwaka 2005 mtu asiyejitambulisha aliandika katika Wikipedia kwamba John Seigenthaler, mwandishi wa habari wa Marekani aliyewahi kufanya kazi na Robert Kennedy, alishukiwa kuhusika na mauaji ya akina Kennedy. Ulikuwa uongo mtupu, nao ulikaa miezi minne bila kuguswa. Mzee yule alilazimika kulilia jina lake gazetini. Desemba mwaka huo Wikipedia ya Kiingereza iliwazuia wasiojiandikisha kuanzisha makala mpya, kisha ikaongeza ukali wa masharti juu ya habari za watu walio hai. Hapa Mlutheri hashangai. Tunakiri kwamba aliyehesabiwa haki angali mwenye dhambi. Nyumba iliyojengwa kwa kudhani wakaaji wake ni malaika itawaumiza wanyonge kwanza, na iliyojengwa kwa kudhani wote ni wezi haitapata mgeni.

Mitandao iliyofuata ilijengwa kwa kufikiria kasi. Novemba 2009 Twitter iliweka kitufe cha kurudia ujumbe wa mwingine kwa mguso mmoja. Kabla ya hapo mtu alinakili maneno kwa mkono, na katika kunakili aliyasoma walau mara moja. Chris Wetherell, aliyeongoza kundi lililotengeneza kitufe hicho, alikiri mwaka 2019 kwamba ilikuwa kama kumpa mtoto wa miaka minne bunduki yenye risasi. Hakuwa mtu mbaya. Aliondoa usumbufu mdogo, na baadaye akatambua kwamba ndani ya usumbufu ule palikuwa na muda wa kufikiri.

WhatsApp, ambayo ndiyo baraza letu wengi huku kwetu, ilipita njia hiyo hiyo. Mwaka 2018 watu kadhaa nchini India waliuawa na makundi yenye hasira baada ya uvumi wa wezi wa watoto kusambaa kwa simu. Julai mwaka huo kampuni iliweka kikomo cha kusambaza ujumbe kwa mazungumzo matano kwa mara moja nchini India, na Januari 2019 kikomo hicho kikawa cha dunia nzima. Aprili 2020, wakati wa korona, ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi uliruhusiwa kwenda kwa mazungumzo mamoja tu kwa mara moja. Kampuni ilisema usambazaji wa jumbe za namna hiyo ulipungua kwa asilimia 70. Mioyo ya watu haikuongoka kwa asilimia 70 mwezi ule. Kidole kilicheleweshwa kidogo, na kuchelewa huko kukaokoa. Wakati huo huo makundi yaliendelea kupanuliwa: watu 256 mwaka 2016, na hadi 1,024 kabla ya mwisho wa 2022. Uamuzi wa namna hii hufanywa ofisini na watu wachache, lakini huamua jinsi washarika wangu watakavyoongea Jumanne usiku.

Historia hii imenifundisha kwamba anayepanga mahali pa mazungumzo anashika sehemu ya huduma ya Neno, ajue au asijue. Philip wa Hesse alilijua hilo. Mimi nilikuwa na madaraka ya admini mkononi nikayaona kama jambo la ufundi wa simu. Kumbe nilikuwa nimeketi langoni.

Baada ya toba yangu mbele ya baraza la wazee tulibadilisha mambo machache. Kundi kubwa limebaki la matangazo, na maadmini tu huandika humo. Majadiliano yamehamia katika makundi ya jumuiya, ambamo watu wanajuana kwa nyumba na kwa misiba. Taarifa ya fedha husomwa ibadani na kubandikwa ubaoni kabla ya kuwekwa kwenye simu, ili mwenye kitochi asiwe wa mwisho kusikia habari zake. Mwenye swali la fedha huanzia kwa mhusika au ofisi ya usharika, na jibu lake huandikwa katika kumbukumbu ambazo mshiriki yeyote anaweza kuziomba. Kosa likitokea katika kundi, sahihisho huwekwa katika kundi lile lile, na aliyelisambaza nje hutakiwa kulifuata huko alikolipeleka. Anayejiunga upya hupigiwa simu na mzee wa jumuiya kabla ya kuingizwa.

Hapa lazima niseme neno la tahadhari. Wapo waliokwisha kuitumia Mathayo 18 kufunika uovu, wakimwambia aliyeumizwa akae kimya na "aende kwanza kwa ndugu yake". Huko ni kuligeuza Neno. Mtoto aliyedhulumiwa au mke anayepigwa hatumwi peke yake kwa anayemwumiza. Anaokolewa leo, na vyombo vya sheria vinaitwa. Wala Bwana hakuishia hatua ya kwanza. Kanisa lazima liambiwe pale haki inapokataliwa, na Luther katika Katekisimu Kubwa anakubali kwamba dhambi iliyotendwa hadharani inaweza kukemewa hadharani. Aliyeuliza habari ya risiti hakukosea kuuliza. Sisi tulikosea kwa kukosa mlango mdogo wa kumpitisha swali lake, hata akapita kwenye lango kubwa.

Mpendwa msomaji, huenda wewe ni admini wa kundi la kwaya, la vijana au la ukoo. Kabla ya kufungua kundi jingine, jiulize nani atakayempokea mgeni, kosa litasahihishwa wapi, na nani katika watu wako hana simu ya kuingia humo. Kama wewe ni kijana uliyesomea kompyuta, usiidharau kazi yako kana kwamba ni ya dunia tu. Mtu anayeamua mahali pa kukaa kitufe anaweza kumlinda jirani asiyemjua, na amri ya nane inamhusu.

Mzee wetu alirudi kanisani baada ya miezi mitano, akaketi mahali pake pa siku zote. Baraza lilimwomba ashike tena hazina, akakataa kwa upole, wala hatukumlazimisha. Mara kwa mara nikitoka chuoni napita kwake jioni. Hatuongei habari za mabati tena. Nabisha hodi, ananiitikia, nami naingia.